Umemwagia mwembe paklobutrazoli na mambo hayajaenda sawa: soma dalili kabla ya kurudia dawa

Paklobutrazoli haileti maua. Kazi yake ni kuubana mwembe usitoe majani mapya. Mwembe uliobanwa kwa wakati wake, wenye vilele vilivyokomaa, ndio unaochanua. Malalamiko mengi dhidi ya dawa hii hutokana na kuisahau tofauti hiyo. Mtu anamwaga, anasubiri maua, hayaji, anamwaga tena. Mwaka unaofuata ana shamba la miti iliyodumaa, na kuitoa dawa hiyo kwenye udongo hawezi.

Molekuli yake ina naitrojeni tatu kwenye pete moja, lakini usizihesabu kama mbolea. Moja kati ya hizo hujishikiza kwenye madini ya chuma yaliyomo ndani ya kimeng'enya ambacho mti hukihitaji katika hatua za mwanzo za kutengeneza jiberelini, homoni inayorefusha pingili. Kimeng'enya kikizibwa, jiberelini hupungua, na ncha ya tawi hukosa msukumo wa kuchipua majani. Dawa hupanda na maji kutoka mizizini kwenda juu, na karibu haishuki kabisa kutoka majani kwenda chini. Kwa hiyo anayeipulizia juu ya majani ya mwembe mkubwa anapoteza sehemu kubwa ya fedha yake.

Kabla ya kutafuta tatizo, hakikisha ulichomwaga

Dozi ya kuanzia inayokubalika kwa upana ni gramu 1 ya kiini cha dawa kwa kila mita 1 ya upana wa mwavuli wa matawi. Pima mara mbili, kaskazini hadi kusini na mashariki hadi magharibi, kisha chukua wastani. Mti wa mita 6 unahitaji gramu 6 za kiini. Dawa ya maji yenye gramu 250 kwa lita (asilimia 25) itakuwa mililita 24. Unga wa asilimia 15 utakuwa gramu 40, na wa asilimia 10 gramu 60. Hapa ndipo wengi huanguka: jirani anakwambia "mimi naweka kizibo kimoja na nusu", wewe umenunua chupa ya nguvu nyingine, na hesabu inakwenda mara mbili au nusu bila mtu kujua. Soma asilimia kwenye lebo kila unaponunua, hata kama ni duka lilelile. Na kama chupa haina lebo ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, hesabu yote hii haina msingi, maana hujui kilichomo.

Changanya dozi ya mti mmoja kwenye lita 5 hadi 10 za maji. Ondoa matandazo, chimba mfereji wa duara wenye kina cha sentimita 10 hadi 15, takriban katikati ya shina na ukingo wa matawi, mimina kuuzunguka wote, kisha fukia. Udongo uwe na unyevu tangu jana yake, na uendelee kuwa nao kwa wiki mbili hadi tatu baadaye, kwa sababu mizizi haifyonzi kwenye vumbi.

Wakati mzuri ni majani mapya yanapokuwa yamefunguka lakini bado ni ya kijani chepesi, baada ya kupogoa na mti kuchipua. Kutoka hapo hesabu siku 90 hadi 120 ndipo uanze kudai maua. Mti mchanga usio na umbo, mti wenye njaa, au uliotoka kubeba mzigo mkubwa na haujajirudi, uache.

Siku 120 zimepita: hakuna maua, wala majani mapya

Hii si dalili mbaya. Dawa imefanya kazi yake, na kilichobaki ni kuliamsha jicho la tawi. Katika maeneo ya baridi, usiku wa Juni na Julai hulifanya hilo lenyewe. Ukanda wa pwani, ambako usiku hauna baridi ya kutosha, jicho hulala tu.

Kinachotumika kuliamsha ni potasiamu nitreti. Mbinu hiyo ilitoka Ufilipino, ambako Ramon Barba alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kuipulizia kwenye miembe huleta maua nje ya msimu. Tumia asilimia 2: gramu 20 kwa lita, yaani gramu 320 kwenye bomba la lita 16 au gramu 400 kwenye la lita 20. Lowesha vilele vyote hadi vianze kudondosha, jioni jua likiwa limepungua makali. Kama jicho halijavimba baada ya siku 10 hadi 14, rudia mara moja. Ukirudia bila mabadiliko, acha. Tatizo liko kwingine.

Kuna namna rahisi ya kuhisi kama mfuko una kitu kilichoandikwa. Potasiamu nitreti huvuta joto inapoyeyuka. Koroga gramu 400 kwenye lita chache za maji na ushike ndoo: inapoa waziwazi mkononi, na siku yenye unyevunyevu hutoka jasho kwa nje. Isipopoa, shuku. Jaribio hili halithibitishi kila kitu, kwani urea nayo hupoza maji, lakini potasiamu salfeti haipozi kwa kiwango hicho, na ndiyo ambayo mara nyingi huchanganywa nayo kwa sababu zote mbili huitwa "potasi" dukani. Kwenye mfuko tafuta namba 13-0-46 au zinazokaribiana. Ukiona 0-0-50 hiyo ni salfeti. Italisha mti lakini haitaamsha jicho.

Umepiga nitreti, yametoka majani

Shida ya aina hii ndiyo inayouma zaidi, kwa kuwa msimu umekwenda. Nitreti haichagui. Huamsha jicho litoe kile ambacho lilikuwa tayari kukitoa. Jicho lililo kwenye tawi changa hutoa majani, na lililo kwenye tawi lililokomaa hutoa maua.

Pima ukomavu kwa mkono. Chukua jani kutoka kwenye pingili ya mwisho ya tawi, likunje kiganjani na ufinye. Jani changa hujikunja kama mpira na kurudi. Lililokomaa hulia, huvunjika kwenye mikunjo, na ukifungua kiganja unaona mistari ya nyufa. Rangi iwe kijani cha giza kisicho na wekundu wala unjano wa utoto. Fanya hivyo kwa majani kumi ya pande zote nne za mti, juu na chini. Yakivunjika saba au nane, piga nitreti. Yakivunjika nusu, subiri wiki tatu, upime tena. Vilele vya ndani visikudanganye: tazama vile vinavyopigwa na jua, maana ndivyo vinavyobeba.

Sababu ya pili ni mvua au maji. Mwembe ulionyweshwa mfululizo katika wiki nne hadi sita za kabla ya nitreti huwa na hamu ya kuchipua, hata ukiwa na paklobutrazoli mwilini. Kata umwagiliaji kipindi hicho. Mvua ukiwa huwezi kuizuia, ahirisha.

Ya tatu ni mbolea ya naitrojeni iliyowekwa kwa wakati mbaya. Urea au kani (mbolea ya CAN) iliyomwagwa mwezi mmoja kabla ya maua hushindana na dawa uliyoinunua kwa bei ghali. Naitrojeni ya ardhini iende mara tu baada ya mavuno na kupogoa, ili mti utoe majani mapema na yakomae pamoja.

Wakati mwingine utaona shada lenye maua na majani kwa pamoja. Hapo jicho lilikuwa njia panda, aghalabu kwa sababu ya joto. Liache, hubeba, ingawa kidogo.

Mti umechipua kama ambao haukuguswa

Tofauti na hali iliyotangulia, huu umechipua wenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu, pingili ndefu, majani makubwa. Dawa haijafika ncha ya tawi. Fukua mfereji kwanza. Ukikuta udongo wa sentimita 10 ni mkavu na hauna mizizi midogo myeupe, umepata jibu: dawa ilikaa pale ilipomwagwa. Ukikuta samadi iliyooza nusu, nalo ni jibu, kwani mboji huishika paklobutrazoli kwa nguvu, sawa na mfinyanzi mzito. Samadi na dawa zipishane kwa miezi, tena samadi iwekwe nje ya mstari wa mfereji.

Kama udongo ulikuwa sawa, angalia tarehe. Dawa iliyomwagwa jicho likiwa limeshaanza kuvimba haizuii uchipuzi huo. Itaonekana kwenye uchipuzi unaofuata, na hapo ndipo aliyemwaga mara ya pili atakapojuta.

Ikibaki shaka kwamba dawa ni feki, maharage yatakwambia. Panda mbegu tatu tatu kwenye makopo sita yenye udongo wa aina moja. Miche ikifungua jozi ya kwanza ya majani, tia mililita 1 ya dawa ya asilimia 25 kwenye lita 10 za maji, koroga, na mimina mililita 100 kwenye kila kopo kwa makopo matatu. Matatu mengine yapewe maji matupu kwa kiasi hichohicho. Ndani ya wiki mbili maharage yenye dawa halisi huwa mafupi waziwazi, pingili zimekaribiana, majani ya kijani kizito. Yakilingana na ya maji matupu, chupa hiyo irudishe ulikoinunua, na makopo ukayaonyeshe.

Miti ya mwanzo haina kitu, ya mwisho imedumaa

Ukiona mpangilio huu ukifuata mstari uliomwagia watu wako, usitafute ugonjwa. Ni pipa. Paklobutrazoli huyeyuka kwa shida sana, takriban miligramu 26 tu kwa lita moja ya maji. Gramu 6 kwenye lita 10 ni miligramu 600 kwa lita, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa haijayeyuka. Inaelea kama chembe, na chembe huzama. Pipa la lita 200 lililokorogwa asubuhi na kuchotwa hadi saa sita hutoa maji mepesi mwanzoni na uji mzito mwishoni. Pima dozi ya kila mti kwa sirinji au kikombe kidogo, weka kwenye ndoo ya mti huo, koroga, mwaga. Kazi huwa ndefu zaidi, ila kila mti hupata chake. Chupa nayo itikiswe kila unapochota; iliyokaa dukani mwaka mzima huwa na tope chini lenye nguvu kuliko maji ya juu.

Upande mmoja wa mti ukichanua na mwingine ukikataa, hadithi ni ileile kwa udogo wake: dawa ilimwagwa sehemu moja. Kila upande wa mizizi hulisha zaidi matawi ya upande wake.

Maua yametoka, lakini mashada ni mafupi na yanaoza

Shada la kawaida la mwembe hufika sentimita 25 au zaidi, limetawanyika, hewa inapita. Mti uliopata dawa nyingi hutoa shada la sentimita 10, vijitawi vyake vimebanana, na umande wa alfajiri hukaa humo hadi saa nne asubuhi. Hapo ubwiri unga na chule hupata makao. Ubwiri unga utauona kama unga mweupe juu ya vikonyo vya maua, hasa asubuhi za baridi kavu. Chule huanza kama vidoa vyeusi vinavyoungana hadi shada zima linakauka jeusi, na hufuata mvua.

Usisubiri maua yafunguke. Anza kinga shada likiwa na urefu wa kidole: salfa ya kuyeyuka kwenye maji, gramu 2 hadi 3 kwa lita, kwa ubwiri unga, kopa au mankozebu kwa kipimo cha lebo kwa chule. Salfa usiipige jua likiwa kali, itaunguza. Puliza kwa shinikizo la kutosha kuingia katikati ya shada, la sivyo unapaka rangi nje tu. Viuadudu viwe mbali na maua yaliyofunguka, kwa sababu wanaochavusha mwembe zaidi ni nzi na wadudu wadogo wadogo, nao hufanya kazi asubuhi.

Tukiwa hapo, tuseme kuhusu kuwahi soko. Kutoka maua hadi mavuno ni takriban miezi minne. Anayetaka embe za Septemba anahitaji maua ya Mei, wakati masika bado yanamalizikia sehemu nyingi za pwani. Ukiongeza mashada yaliyobanana juu ya mvua, umejinunulia chule. Kwa maoni yetu ni afadhali kulenga maua ya mwanzo wa Juni, mvua zikikatika, na kukubali kuingia sokoni wiki chache baadaye.

Vilele vimekuwa kama ufagio

Hapa kuna visababishi vitatu vinavyofanana kwa mbali, na tiba ya kimoja ni madhara kwa kingine.

Dozi kubwa ya paklobutrazoli hudumaza mti mzima kwa usawa. Pingili za uchipuzi mpya ni za sentimita moja au chini yake, majani madogo lakini mazito, kijani cha giza, hayana unjano. Uchipuzi wa zamani, wa kabla ya dawa, una urefu wa kawaida. Mpaka kati ya viwili hivyo unaonekana kwenye tawi lilelile.

Upungufu wa zinki hutoa majani membamba, yaliyokunjamana, yenye unjano kati ya mishipa. Mara nyingi ni kwenye udongo wa chokaa au uliopewa fosfeti nyingi. Hapa zinki salfeti ya kupulizia husaidia.

Cha tatu ni ugonjwa wa ukungu wa Fusarium mangiferae, ambao Misri na Afrika Kusini wanaufahamu vizuri. Huu hauji kwa usawa. Shada moja linakuwa bonge zito lenye maua makubwa yasiyobeba, jirani yake ni zima. Bonge hilo halidondoki. Hukauka na kubaki juu ya mti. Kata sentimita 30 chini ya bonge, choma moto, na tumbukiza mkasi kwenye maji ya jiki kabla ya mti unaofuata. Usichukue vikonyo vya kubebesha kutoka shamba hilo.

Ukithibitisha kwamba ni dozi kubwa, hakuna kuiosha. Dawa hukaa ardhini miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka, na ndani ya mbao za mti pia. Pogoa ukate hadi chini ya mpaka ule wa pingili fupi, tia samadi iliyoiva kwa wingi kwenye mfereji wa zamani (hapa kule kushika dawa kunakuwa faida), mwagilia, weka naitrojeni, na usiuguse kwa dawa msimu unaokuja wala pengine ule wa baada yake. Kupulizia jiberelini hurefusha baadhi ya vilele, lakini jaribu matawi machache kwanza, kwani jiberelini hiyohiyo ndiyo inayozuia maua.

Kwa mti uliokubali vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa pili weka nusu ya dozi. Urefu wa pingili uwe ndio kipimo: zikiwa bado fupi kuliko za miti isiyotiwa dawa, ruka mwaka huo.

Embe nyingi, ndogo

Mti umechanua kupita uwezo wake wa kulisha. Punguza hadi embe moja au mbili kwa shada zikiwa saizi ya yai la kwale, na mwagilia kuanzia zinapofikia punje ya njegere. Maji ya kabla ya maua ni adui. Baada ya embe kushika, kuyanyima ni hasara.

Kingo za majani zimeungua

Nitreti ilizidi asilimia 4, au ilipigwa saa saba mchana, au ilichanganywa na kopa ndani ya bomba moja. Majani yaliyoungua hayarudi, lakini vilele kwa kawaida hupona. Nitreti inayobaki ihifadhiwe mbali na mafuta, mkaa na majani makavu, kwa kuwa huchochea moto.

Mahindi au maharage chini ya miembe hayakui

Zao la msimu lililopandwa juu ya mfereji wa dawa hunyonya kilichobaki. Mahindi yanakuwa mafupi, majani yamesimama na kubanana shingoni, huku mistari ya mbali na shina ikiwa mizuri. Usitie mbolea kuyasukuma.

Msimu unaofuata, kabla ya kupanda, chota udongo wa sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu nne za mfereji, uchanganye, jaza makopo matatu. Jaza mengine matatu kwa udongo wa shamba lilelile, umbali wa mita 10 au zaidi kutoka mti wowote uliotiwa dawa. Panda maharage, subiri siku 14, pima urefu kutoka udongoni hadi jozi ya kwanza ya majani. Yakilingana, panda. Ya mferejini yakiwa mafupi kwa robo au zaidi, acha duara la upana wa matawi likiwa wazi, au weka matandazo tu, na urudie kipimo msimu mwingine.